Maswali Yenu: Five Guys au Shake Shack, wageni niwapeleke wapi?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi naishi Silver Spring, Maryland, na mwezi ujao dada yangu anakuja kutoka Dar na watoto wake watatu, wote vijana wa kula. Tangu wamekata tiketi wanaimba baga tu, baga tu, wameona kwenye simu. Sasa hapa nyumbani ni vita, mume wangu anasema Five Guys ndo kila kitu, mwanangu anasema Five Guys ni wizi mtupu twende Shake Shack, na mimi nikiangalia bei za siku hizi naona bora nikaange mwenyewe. Halafu dada ni mswalihina, nyama isiyochinjwa kihalali hali. Nisaidie kabla hawajatua uwanja wa ndege wa Dulles.
*Mama wa Silver Spring*

JIBU: Marahaba mama, na poleni kwa vita. Nianze na mumeo na mwanao maana wote wawili wana hoja, ila wanabishania vitu viwili tofauti.

Five Guys kwa hapa DMV (yaani DC, Maryland na Virginia) ni mtoto wa nyumbani, familia ya Murrell waliianzisha Arlington, Virginia, 1986, wakakaa miaka mingi na maduka machache tu ya huku kwetu mpaka 2003 walipoanza kuwauzia watu wengine haki ya kufungua matawi. Mwanao anaposema wizi, nadhani kinachomuumiza ni jinsi mnavyooda. Watu wengi wanaingia pale wanaoda kama wako McDonald's, kila mtu baga yake, chipsi zake, soda yake, halafu risiti ikitoka wanashika kichwa. Sikiliza, pale ukisema “hamburger” bila kuongeza neno unapewa vipande viwili vya nyama, yenye kipande kimoja ndo wanaiita “little” na kwa mtu wa kawaida inatosha kabisa, kwa sababu vikorombwezo karibu vyote ni bure: vitunguu vya kukaanga, uyoga, hoho, pilipili za jalapeño, nyanya, saladi, jaza mpaka baga ikatae kufunga. Inayoongeza bei ni jibini na bekoni. Na chipsi msiagize kila mtu za kwake jamani! Wanajaza kikombe halafu wanamwagia nyingine juu mpaka zinaenea chini ya mfuko, kwa hiyo “large” moja kwa watu watano inaenda vizuri tu. Ni viazi vinavyokatwa palepale dukani, wanabandika na kibao cha kusema vimetoka shamba gani, ndo maana havifanani na chipsi za friza.

Ila uliza kwanza kama kuna mtoto mwenye aleji ya karanga. Wanakaangia mafuta ya karanga, na maduka mengi yanaweka karanga za bure za kutafuna ukisubiri, kama yupo mwenye aleji basi hapo msiingie hata mlangoni. Zuri lingine kwa wageni wa kwetu ni kwamba nyama wanaiivisha yote mpaka ndani, huulizwi unaitaka ikoje, maana najua dada akiona wekundu katikati ataisukuma sahani pembeni.

Shake Shack sasa. Hii ni ya New York, ilianza kama mkokoteni wa hot dog kwenye bustani ya Madison Square Park 2001, ikawa kibanda 2004, DC ikaingia 2011 pale Dupont Circle. Kwa baga yenyewe mimi niko na mwanao, sibishani. Nyama inagandamizwa kwenye chuma cha moto mpaka kingo zinakuwa na ukoko, mkate wa viazi laini, sosi yao, basi. Ni ndogo lakini kila tonge lina ladha. Chipsi za mawimbi ni za kawaida tu, zinatoka kwenye friza, 2013 walijaribu kuleta za kukata wenyewe wateja wakalalamika mpaka za zamani zikarudishwa. Tatizo ni vijana wako wa kula. ShackBurger moja kwa kijana wa miaka 16 ni utangulizi, ataomba ya pili, na hapo ndo hesabu ya mwanao ya “Five Guys wizi” inapoanza kuyumba.

Kuna na Elevation Burger, hii nayo ya kaskazini mwa Virginia, 2005, walijitangaza kwa nyama ya ng'ombe wa majani na chipsi za mafuta ya zeituni. Ni nzuri ila tangu kampuni iuzwe 2019 usitegemee kuikuta kila kona.

Haya, la dada. Five Guys na Shake Shack za hapa Marekani nyama yao haina cheti cha halali, na asikudanganye mtu kwamba “mbona Dubai nilikula Shake Shack na ni halali”, ni kweli Dubai ni halali, jina ni moja lakini nyama ni nyingine. Pale Shake Shack dada anaweza kula ile ya uyoga, portobello iliyojazwa jibini ikakaangwa, sema muulize kaunta inakaangwa mafuta gani na pamoja na nini. Akitaka nyama kabisa vukeni mto Potomac mwende Virginia, upande wa Falls Church na vitongoji vyake, Waislamu ni wengi huko na migahawa yao pia, ila muulize mwenyewe nyama inatoka kwa mchinjaji gani. Kibandiko cha dirishani peke yake hakitoshi.

Na kabla sijasahau, kodi. Bei ya ubaoni siyo unayolipa. Kwako Maryland chakula cha mgahawani kinaongezwa asilimia 6, DC ni 10, na Arlington ukijumlisha ya jimbo na ya kaunti haipungui 10. Kwenye oda ya dola 80 hiyo ni dola 4.80 kwenu na dola 8 DC. Kwa hiyo kama ni Five Guys, ileile, kuleni ya karibu na nyumbani. DC waende kutembea.

SWALI: Anko, pale kaunta mashine ya kulipia inageuzwa inasema tipu asilimia 18, 20, 22, na mtu ananiangalia. Nibonyeze?
*Mwanafunzi, DC*

JIBU: Umeoda mwenyewe, umebeba trei mwenyewe, na meza utaifuta mwenyewe. Bonyeza “no tip” bila aibu, au acha dola moja ukijisikia. Asilimia ziweke kwa mhudumu anayekuletea mezani.

SWALI: Ile baga aliyokula Obama na rais wa Urusi bado ipo? Shemeji anataka kupiga picha.
*Msomaji, Hyattsville*

JIBU: Ilikuwa Ray's Hell Burger, Arlington. Obama alikwenda na Biden Mei 2009, akarudi na Medvedev, rais wa Urusi wakati huo, Juni 2010 wakagawana chipsi. Imeshafungwa. Lakini mwezi uleule wa Mei 2009 Obama aliingia pia Five Guys ya DC kununua baga za ofisini, kwa hiyo shemeji mpeleke Five Guys apige picha na mfuko wa mafuta, na chipsi muagize moja.