Studio ya chumbani Kigoma: intafesi kwanza, laptopu baadaye

Wengi wanaofungua studio chumbani, iwe Mwanga au Ujiji, humalizia hela kwenye laptopu, kisha maiki inachomekwa kwenye tundu la hedifoni. Pindua mpango huo. Intafesi, ambayo wengi huiita tu saundikadi, ndiyo inayokuza umeme mdogo wa maiki na kuugeuza kuwa namba. Sauti ikiingia na mvumo hapo, kuisafisha baadaye ni kuikata na nyama yake.

Kabla ya kuuliza bei, jiulize watarekodiwa watu wangapi kwa mpigo. Mwimbaji mmoja anayeingiza sauti juu ya mdundo uliokwisha tengenezwa anatosheka na tundu moja la maiki. Anayepiga gitaa huku akiimba anahitaji mawili. Kwaya ndiyo inayowachanganya watu. Kwaya ya watu 20 haihitaji maiki 20: soprano, alto, tenori na besi kila kundi na maiki yake, basi. Unaweza kurekodi kundi moja moja kwa matundu mawili, lakini waimbaji waliozoea kumtazama mwalimu wakitenganishwa hupoteza pumzi ya pamoja, kwa hiyo kwa kazi za kwaya tunashauri matundu manne tangu mwanzo.

Hapo usidanganywe na jina. Focusrite Scarlett 2i2 inapokea maiki mbili, lakini 4i4 nayo inapokea maiki mbili tu. Njia mbili zilizobaki ni za kinanda na vifaa vingine vyenye sauti iliyokwisha kukuzwa. Behringer UMC404HD ndiyo yenye matundu manne ya maiki kweli. Vilevile UMC22 na UMC202HD zinafanana usoni, ila ya kwanza haiji na draiva yake (programu inayounganisha kifaa na kompyuta) ya ASIO, aina inayopitisha sauti haraka, na kwenye Windows utalazimika kutumia ASIO4ALL, draiva ya jumla. Ongeza hela kidogo uchukue ya pili. Vile visaundikadi vya V8 vyenye vitufe vya makofi na vicheko ni vya kurushia matangazo mubashara, viache huko. Na mixa nyingi zenye USB hupeleka njia mbili tu kwenye kompyuta hata zikiwa na matundu manane ya maiki: ukishachanganya besi na sauti, huwezi kuzitenganisha tena.

Kwa nini draiva ina uzito hivyo? Kwa sababu ya kuchelewa kwa sauti. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu, na ukubwa wa fungu ndio bafa. Bafa ya vipimo 128 kwenye 48 kHz, yaani vipimo 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 2.7, ya 512 ni karibu 10.7. Hiyo ni safari ya kuingia. Kutoka ni nyingine, na draiva inaongeza yake. Kwenye 512 mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni kama anayejibiwa kutoka chumba cha pili, na ataanza kuburuta mdundo. Rekodi kwa 128, changanya nyimbo kwa 512 au 1024. Kama laptopu haiwezi 128, tumia kitufe cha intafesi cha kusikiliza moja kwa moja, ambacho kinaruka kompyuta kabisa.

Sasa laptopu. Neno "Core i7", jina la prosesa (ubongo wa kompyuta), peke yake halisemi kitu. Soma namba inayofuata. Kwenye laptopu za kazini zilizotumika, i5-7200U ina kori (vitengo vya kukokotoa) mbili, wakati i5-8250U, ya kizazi kimoja tu mbele, ina nne. Kizazi cha 8 ndicho pia mahali ambapo Windows 11 inaanza kukubali prosesa nyingi za Intel, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. ThinkPad T480 ni mfano mzuri: ina nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya kazi), unaanza na GB 8 na kuongeza 8 nyingine ukipata. Diski iwe SSD. Usiogope ukubwa wa mafaili: njia moja ya sauti ya biti 24 kwenye 48 kHz hula takriban MB 8.6 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika tano wenye njia nane ni kama MB 350.

Sauti ikikwaruza au kukatikakatika, usikimbilie kulaumu prosesa. Zima Wi-Fi. Weka mpangilio wa umeme kwenye utendaji wa juu, na uzuie Windows kulaza matundu ya USB. Chomeka intafesi kwenye laptopu yenyewe, si kwenye kigawio cha USB kisicho na umeme wake, hasa ukiwasha volti 48 za maiki za kondensa, aina inayohitaji umeme kutoka kwenye intafesi. Na feni ikijaa vumbi, prosesa huchemka ikajipunguzia kasi yenyewe. Kwa joto la hapa ziwani hilo si jambo la kufikirika.

Mvumo wa chini usiokoma ni habari nyingine. Chomoa chaja. Ukitoweka, huenda tatizo ni ethi, na nyumba nyingi soketi zina tundu la tatu lisilofika ardhini. Muite fundi apige nondo ya ethi, au rekodi kwa betri. Wa sola wachague inveta yenye wimbi safi kama la TANESCO, maana zile rahisi hutoa wimbi la ngazi ngazi, na mlio wake huingia hadi kwenye gitaa.

Unyevu wa Kigoma huifanya maiki ya kondensa itoe milio midogo ya kupasuka kama mafuta kikaangoni. Ihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya. Mvua ikinyesha juu ya bati, hakuna kifaa kitakachokusaidia. Panga kazi nyingine wakati huo.

Mzigo ukiagizwa Kariakoo, kuurudisha ni safari ndefu. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji awashe volti 48, arekodi dakika kumi kwa bafa ya 128 huku kila tundu likijaribiwa, kisha akutumie faili lenyewe la WAV, ambalo sauti yake haijabanwa, si sauti ya WhatsApp.