Ukuta una unyevu, vigae vizima

SWALI: Fundi, vigae vya sehemu ya kuogea havijapasuka hata kimoja, lakini ukuta wa chumba cha pili una unyevu na rangi inabanduka. Nipake upya grauti, ile ya kujaza nafasi kati ya vigae?

JIBU: Hifadhi grauti yako. Grauti ya saruji hunywa maji. Kinachoyazuia ni dawa inayopakwa nyuma ya vigae, na nashuku kwako haikupakwa. Kwanza, msiogee hapo kwa wiki moja hivi. Unyevu usipopungua hata kidogo, mwite fundi bomba akague bomba la ndani ya ukuta.

Ukipungua, pole, vigae vitabanduliwa. Plasta ikikauka, paka dawa mikono miwili, yaani tabaka mbili, na ukuta unapokutana na sakafu laza utepe wa nyuzi katikati ya mikono hiyo. Sakafu nayo iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Dawa ikishakauka sawasawa, ziba tundu, jaza maji, piga alama ya penseli yalipofikia, uache saa 24 uone kama yameshuka. Fundi akidai huko ni kupoteza muda, tafuta mwingine. Vigae vikisharudishwa, kwenye kona jaza silikoni. Grauti hupasuka hapo.