Nyayo zinazowaka usiku: maswali yenu kuhusu maumivu ya mishipa ya fahamu

Maswali ya safari hii yametoka Wete, Mjini, Jambiani na Chake Chake, na yote yanahusu maumivu ya kuwaka, kuchomachoma na ganzi ambayo vidonge vya kawaida haviyatulizi. Najibu nikiwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Daktari anayekupima ana neno la mwisho juu ya dawa zako.

Assalamu alaykum. Nina kisukari miaka mingi. Usiku nyayo zinawaka kama zimepakwa pilipili, hata shuka ikinigusa silali. Jirani ananiambia niache wali, nile muhogo. Ni kweli? (Mama, Wete)

Waalaykumu salaam, mama. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu pamoja na vijishipa vya damu vinavyoilisha. Mishipa mirefu ndiyo inayoumia mwanzo, ndiyo maana maradhi huanzia vidole vya miguu, yakapanda, na mikono ikafuata baadaye.

Kuacha wali ukahamia kwenye muhogo hakukusaidii. Muhogo ni wanga, sawa na magimbi, shelisheli na mkate wa ajemi. Angalia kiasi na unakula na nini. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, bamia. Robo iwe samaki, kunde au choroko. Robo iliyobaki ndiyo ya wali. Anza na mboga na samaki, wali uje nyuma, maana hapo sukari hupanda polepole. Kisha tazama vikombe. Mimi huanza huko kabla ya sahani: chai ya asubuhi, chai ya alasiri, juisi ya miwa ya njiani.

Ukimaliza kula, tembea dakika 10 hadi 15, kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Lakini usitembee pekupeku hata uani, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na tazama nyayo kila usiku. Ukiona kidonda au lengelenge, nenda kituo cha afya na uache kutembea kwa mazoezi. Fanya ya kukaa: nyoosha goti moja moja, na kaza misuli ya paja bila kuukanyagia mguu wenye kidonda.

Naomba pia ufanye kipimo hiki leo. Fumba macho, mwambie mjukuu akuguse kwa ncha ya kidole, kwa wepesi, sekunde moja tu, kwenye kidole gumba, cha kati na kidogo cha kila mguu. Usipohisi mara mbili au zaidi katika hizo sita, miguu yako iko hatarini na daktari aijue. Naogopa zaidi mguu usiohisi kuliko mguu unaouma, maana mwenye mguu huo hukanyaga msumari akaendelea na safari yake.

Na uwe na subira. Mshipa wa fahamu unaoweza kuota tena huota kama milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi unyayoni ni karibu mita nzima. Kwa usingizi, mwombe daktari dawa za maumivu ya aina hii, kama amitriptilini. Vidonge vya maumivu vya diklofenaki vya kila siku viache, vinaumiza figo ambazo kisukari kimeshaanza kuzitisha.

Natumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi. Miguu ikifa ganzi naenda duka la dawa nachomwa sindano ya vitamini B. Niendelee? (Mwalimu mstaafu, Mjini)

Usiendelee kwa kubahatisha, mwalimu. Metformini ikitumika miaka mingi hupunguza uwezo wa mwili kufyonza vitamini B12, na upungufu wake huleta ganzi inayofanana kabisa na ya kisukari. Kwa hiyo omba upimwe B12. Iko kwenye samaki, dagaa, mayai, maziwa na maini. Kwenye mboga za majani haimo. Kama ni pungufu kweli, daktari atakupa ya dawa, kwa kuwa tatizo ni ufyonzaji na chakula peke yake huenda kisitoshe. Hatari iko kwenye dawa za mchanganyiko wa vitamini B: vitamini B6 kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu yenyewe huharibu mishipa ya fahamu.

Mimi ni mkulima wa mwani. Bamvua, yaani maji makubwa, likija nainama tangu maji yanakupwa mpaka yanajaa. Sasa maumivu yanashuka kama umeme, kutoka kiunoni mpaka unyayo wa kushoto. Nimeambiwa nilale tu. (Dada, Jambiani)

Usilale tu, dada. Kulala siku nyingi kunadhoofisha misuli inayoushika mgongo. Unavyoeleza, inaelekea mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu umebanwa pale unapotoka kwenye uti wa mgongo, na wengi hupata nafuu kwa wiki au miezi kadhaa bila kupasuliwa. Ila ukishindwa kukojoa au kujizuia, ukipata ganzi sehemu za siri, au mguu ukaanza kuburuta, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kama hayo hayapo, lala kifudifudi mkekani dakika mbili tatu, kisha jiinue kwa viwiko, nyonga zibaki chini. Maumivu yakihama kutoka mguuni yakarudi kiunoni, hiyo ni dalili njema, hata kama kiuno kitauma kidogo zaidi. Yakishuka mguuni zaidi, acha. Zoezi la pili ni la kiti: nyoosha goti taratibu huku unainua uso, likunje huku unateremsha kidevu. Mara 10, bila kulazimisha.

Mpango wa mwezi ufuate bahari. Maji mafu, bahari isipokupwa sana, ndiyo siku za kuongeza mazoezi na kutembea. Bamvua likija, punguza, kazi yenyewe imeshautumia mgongo. Mbegu za mwani zifungie ufukweni ukiwa juu ya kigoda, usikae chini na miguu imenyooka, kwani hapo mshipa huvutika. Gunia la mwani mbichi ligawe safari mbili. Siku ukiwa na nafasi, tembea na viatu kwenye maji ya kiunoni, hubeba karibu nusu ya uzito wako. Chakula cha kufungua mshipa uliobanwa hakuna, pesa zako usizipeleke huko.

Mafuta ya karafuu yanatibu ganzi? (Kijana, Chake Chake)

Hayatibu ganzi. Yana yujinoli, kitu kinachofisha maumivu ya ngozi kwa muda, na mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) yanayotengenezwa hapo Wawi yanayo kwa wingi. Yakiwa matupu huunguza. Tia matone machache kwenye kijiko cha mafuta ya nazi, jaribu kwanza mkononi, usipake kwenye kidonda. Na mguu wenye ganzi msiukande kwa maji moto wala mchanga wa moto. Wagonjwa huungua wasijue mpaka ngozi imebabuka.

Ramadhani nifunge? Nina kisukari na miguu inauma. (Baba, Mjini)

Muone daktari wiki 6 hadi 8 kabla, yaani tangu Rajabu, apange upya dawa na akwambie kama hali yako inaruhusu. Akikuruhusu, futari iwe tende moja au mbili, maji, supu, kisha ile sahani ya nusu mboga. Kaimati na uji wa sukari viwe vya kuonja. Daku lisogeze karibu na alfajiri. Tarawehe ni mazoezi tosha, usiongeze mengine; nyayo zikiwaka, sali umekaa. Pima sukari mchana. Ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipita 16.6 mmol/L, fungua hapo hapo, hata magharibi ikiwa imekaribia.