Jiko la zamani katika nyumba ya kupangisha

SWALI: Nimenunua nyumba Tabata, Dar es Salaam, kwa ajili ya kupangisha. Jiko ni la miaka ya tisini: milango minane ya mbao yenye vanishi iliyoiva kwa mafuta na moshi, vigae vidogo vyeupe ukutani, kaunta ya zege, sinki linavuja. Fundi anasema tubomoe yote, milioni sita. Mimi nina milioni moja na nusu na wiki mbili. Nianzie wapi?
Mwenye nyumba, Tabata

JIBU: Usibomoe. Kaunta ya zege na fremu za mbao ngumu zitadumu kuliko makabati ya chipbodi (chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ambayo huenda ndiyo atakayokuletea. Chukua bisibisi uchome fremu chini ya sinki na kwenye miguu. Ikizama kama kwenye mkate, hapo pameoza. Kata kipande hicho tu, seremala aunge kingine.

Maji kwanza, rangi baadaye. Futa mabomba yakauke, zungushia karatasi ya chooni kila kiungo, kisha jaza sinki na uliachie kwa mkupuo. Karatasi itakayolowa ndiyo jibu. Mara nyingi ni washa (pete ya mpira) iliyokakamaa kwenye trapu, lile bomba lililopinda chini ya sinki. Nunua trapu nzima ya plastiki, ila pima kwanza bomba la kutolea maji. Nati ya plastiki ikaze kwa mkono. Ukiivuta kwa spana hupata ufa usioonekana, na mpangaji anakupigia simu mwezi wa pili. Ubao wa chini ya sinki ukishavimba hauponi. Weka plaiwudi ya marini (inayostahimili maji) ya milimita 18, na kingo zake zipake rangi kabla ya kuipachika, maana maji hupenyea kwenye kingo.

Sasa milango. Kabla ya kuifungua, ipe namba: andika kwa penseli pale bawaba inapokaa, kisha funika namba kwa tepu. Milango ya zamani ilirandwa kila mmoja kwa tundu lake; ukiichanganya hakuna utakaofunga. Osha kwa maji ya moto, sabuni ya unga na magadi kidogo, suuza mara mbili, acha ikauke. Usianze na msasa juu ya mafuta, kwani unayasugua yaingie ndani, na rangi itabanduka kwa vipande karibu na vishikio. Ikishakauka, piga msasa namba 120 hadi mng'ao uishe, malizia kwa 180, futa vumbi kwa kitambaa chenye tina (kiyeyusho cha rangi) kidogo.

Praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, iwe ya mafuta. Ya maji juu ya mbao kama mninga huachia madoa ya kahawia hata upake mara tatu. Kwa milango minane pande zote mbili pamoja na fremu, lita 1 ya praima na lita 2 za rangi ya mafuta kwa kawaida zinatosha mikono miwili, yaani kupaka rangi mara mbili. Tumia rola ya sponji ya sentimita 10. Brashi ibaki kwenye pembe. Kati ya mkono na mkono ngoja saa 24, usiku wa mvua zaidi. Usirudishe milango siku inapoacha kunata: itagandana na fremu. Ipe wiki.

Vigae, kama havijavunjika, viache. Kwangua grauti (kijazio cha kati ya vigae) ya zamani kina cha milimita 2 au 3, jaza mpya ya kijivu (nyeupe jikoni ni kujitafutia kazi), na palipokutana kaunta na ukuta weka silikoni, si grauti, kwa sababu hapo pana mwendo na grauti hupasuka. Ukitaka lazima kubandika vigae vipya juu ya vya zamani, gonga kwanza kwa sarafu. Vinavyolia utupu ving'oe. Kisha tumia gundi ya vigae. Saruji ya kawaida haishiki uso wa kigae, haina pa kunywea. Stika za maua achana nazo. Mvuke wa ugali utazibandua.

Pesa itakayobaki iende kwa fundi umeme: soketi mbili za ukutani, mbali na sinki. Birika la wati 2,000 na jiko la umeme la wati 1,500 kwenye ekstensheni moja ya ampea 13 ni kuyeyusha plagi.

SWALI: Bawaba za makabati zashika kutu kila mwaka. Nifanyeje?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Ni chumvi ya bahari, na nyingi za bei rahisi ni chuma kilichong'arishwa juu tu. Nenda dukani na sumaku: ikinasa kwa nguvu, iache. Chagua za shaba nyeupe au za stenlesi. Skrubu nazo ziwe za aina hiyo hiyo. Skrubu ya chuma kwenye bawaba ya shaba huoza kichwa, mlango ukaning'inia ilhali bawaba nzima.