Re: Kibarua kaanguka mjengoni Shela (Lamu), tajiri asema hana haki

Waalaikum salaam. Pole kwa nduguyo, Mungu amponye. Huyo tajiri, yaani mwajiri wake, anawachezea tu akisema hana haki ya kulipwa. Sheria ya Kenya ya mafao ya majeraha kazini ya 2007, ile wengi tunaiita WIBA, haiulizi kama ana barua ya ajira. Akiwa alikuwa akilipwa ujira kwa kazi ile, amekingwa, na gharama za matibabu ni za mwajiri.

Mwambieni tajiri leo hii, tena kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia. Akishapata habari ana siku 7 kuripoti kwa idara ya usalama na afya kazini. Asiporipoti, ripotini nyinyi. Dai lipelekwe kabla ya miezi 12 tangu ajali, usingoje.

La muhimu zaidi: pigeni picha lile dungu, jukwaa la kusimamia mafundi, kabla halijavunjwa. Boriti iliyooza na kamba iliyokatika zikishatiwa moto, mtaambiwa aliteleza mwenyewe. Majina ya mafundi waliokuwapo andikeni pia, maana vibarua wa kijiji cha Maweni hurudi kwao kisiwani Manda kazi ikisha. Daktari naye aandike kwenye karatasi kwamba nduguyo aliumia kazini.

Elfu mbili tatu za "pole" nduguyo apokee, lakini asitie sahihi kitu.