Kutoa kwa kukopa darasa la tatu

Mwalimu mwenzangu, umeeleza kwamba wanafunzi wako wa darasa la tatu wanaandika 52 − 38 = 26, na kwamba kila unapoongeza mazoezi kosa linarudi lilelile. Hawabahatishi: wanatoa tarakimu ndogo kutoka kubwa katika kila safu, yaani 8 toa 2, kisha 5 toa 3, kwa sababu hawajaelewa thamani ya nafasi, yaani kwamba 5 katika 52 ni makumi matano. Mazoezi mengi zaidi yatalikomaza kosa hilo.

Rudi kwenye vijiti, hata kama mtaala unakuhimiza usonge mbele. Wafunge mafungu 5 ya kumi kumi na vijiti 2 pembeni, kisha waambie waondoe 38. Watakwama kwenye vile 8, na hapo usiwasaidie haraka. Waache wajadiliane mpaka mmoja wao afungue fungu moja, wabaki na mafungu 4 na vijiti 12. Baada ya kuondoa, watahesabu vijiti 14 vilivyobaki mikononi. Ndipo uandike hatua hizohizo ubaoni, vijiti vikiwa bado mezani.

Darasa likiwa kubwa, wagawe katika vikundi vya watano.

Nakusihi usimchape wala kumwaibisha anayekosea, kwani mtoto mwenye hofu huficha namna anavyofikiri, nawe ndiyo unayoihitaji. Asiyeweza kulinganisha hata mafungu mawili baada ya wiki kadhaa, zungumza na mzazi apimwe macho na masikio, kisha umshirikishe mwalimu wa elimu maalumu.