Bando la ofisi linakata katikati ya mwezi: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza uwawekee wafanyakazi wako kumi kanuni gani za intaneti, maana bando la mwezi linakata tarehe 15. Mimi nilianza vibaya, kwa hiyo nisikilize.

Nilikuwa na ofisi ya uwakala wa forodha Kurasini, tuko watu tisa. Siku moja nikatangaza kikaoni, kwa mdomo tu: WhatsApp marufuku. Wiki haikuisha, wateja wakaanza kunipigia: "Bosi, BL nimetuma tangu jana, mbona kimya?" BL ni hati ya shehena ya meli, na kumbe nyaraka zote zinapita huko huko WhatsApp. Na mimi mwenyewe, nisiseme uongo, mpira nilikuwa nautazamia kwenye kompyuta ya ofisi.

Kisha nikamfukuza kijana niliyemkuta anapakua muvi. Akaenda CMA, tume inayosuluhisha migogoro ya kazi Tanzania. Nikaulizwa: kanuni iko wapi? Aliijua lini? Wengine wakifanya hivyo unawachukulia hatua gani? Sikuwa na hata karatasi. Hayo ndiyo yanayopimwa kwenye Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, lenye kanuni za kumwachisha mtu kazi kwa haki, ila nani alikuwa amelisoma? Tulimalizana kwa pesa. Kiasi chake nisikitaje.

Fundi alipokuja kuikagua ruta, mla bando hakuwa yule kijana. Zilikuwa simu zetu, yangu ikiwa ya kwanza, zinapandisha picha na video kutwa, pamoja na kompyuta zinazojisasisha zenyewe. Tukatenganisha Wi-Fi: moja ya kompyuta za kazi, nyingine ya simu na wageni, yenye kikomo. Bando likaanza kufika mwisho wa mwezi.

Kanuni niliandika baadaye, ukurasa mmoja wa Kiswahili, hadi dereva akasaini. YouTube nimeipa mstari mmoja. Nilikokaza ni nywila: ya mfumo wa forodha humpi mwenzako hata kwa dakika mbili, maana tamko la mzigo likienda forodhani na kosa, jina linalosomeka ni lako. Na barua pepe ikisema akaunti ya muuzaji imebadilika, hakuna kulipa mpaka umpigie kwa namba ya siku zote.

Kama utafuatilia wanachofungua, waambie humo humo kwenye karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Mimi naangalia kiasi cha data tu, meseji zao sizigusi.

Nawe usaini, mkuu. Ila kwanza mwite fundi wa ruta.